Orkney na Shetland: Waviking Juu ya Mawe ya Kale

Watu wengi wanaopanga safari ya Orkney na Shetland, visiwa vilivyo kaskazini mwa Uskoti, huandika orodha mbili: moja ya mambo ya kale, nyingine ya mambo ya Waviking. Naelewa kwa nini, maana vitabu vya wageni vimepangwa hivyo. Ardhi yenyewe haikupangwa hivyo. Waviking walipoanza kuhamia huko kutoka Norwei, katika karne ya 8 na ya 9, walikuta vilima vya makaburi na miduara ya mawe iliyokwisha kutimiza zaidi ya miaka 3,500. Waliingia humo, wakachora kuta, wakajenga juu ya nyumba za waliowatangulia, wakazika maiti zao jirani na maiti za kale. Ndiyo maana nashauri orodha iwe moja, na mpangilio wake ufuate maji, upepo na feri.

Maeshowe panatosha kuonyesha ninachosema. Ni kilima cha kaburi kilichojengwa mnamo mwaka 2800 KK, kwenye kisiwa kikubwa cha Orkney, ambacho wenyeji hukiita Mainland. Tiketi ina saa yake maalumu na wakati wa kiangazi huisha mapema, kwa hiyo inunuliwe kabla ya kusafiri. Gari haliegeshwi penye kilima. Basi dogo huchukua watu kutoka kituo cha wageni kilichopo Stenness. Njia ya kuingilia ina urefu wa mita 10 hivi na kimo cha mita moja hivi, maana yake utatembea umeinama mwanzo mpaka mwisho. Mkoba wa mgongoni hukwaruza dari, basi uache nje au uubebe mkononi. Mwenye maumivu ya goti au kiuno ajipime kwanza, kwa sababu ukishaingia kwenye njia hiyo huna nafasi ya kunyooka.

Ndani mna chumba cha mraba chenye upana wa mita nne na nusu hivi. Hakuna chokaa wala udongo uliounganisha mawe. Kila bamba limetokeza mbele kidogo kuliko lile la chini yake, hivyo kuta zinakaribiana kadiri zinavyopanda. Kilele cha asili hakipo. Katikati ya karne ya 12 watu wa Norwei walivunja kwa juu wakaingia, na mwaka 1861 James Farrer, aliyekuja kuchimba, naye akapitia juu.

Hao wa karne ya 12 waliacha maandishi ya runi takriban 30 ukutani, mkusanyiko mkubwa mno kwa mahali pamoja. Runi ni herufi za mistari iliyonyooka, na hapa zimekwaruzwa kwa chuma, nyembamba kiasi kwamba taa ikimulika moja kwa moja huzioni. Mwombe kiongozi aishike tochi ubavuni mwa ukuta; kivuli kikiingia ndani ya mkwaruzo, herufi zinajitokeza. Mmoja ameandika kwamba Ingigerth ndiye mwanamke mzuri kupita wote. Mwingine anajisifu kwamba hakuna amzidiye kwa runi magharibi ya bahari, na kwamba ametumia shoka lililokuwa mali ya Gauk Trandilsson. Wapo waliojitambulisha kuwa ni wasafiri wa Yerusalemu. Kuna pia aliyeandika kwamba amechora juu sana, na ni kweli, herufi zake ziko mahali ambapo mkono wa mtu aliyesimama sakafuni haufiki. Maelezo yanayoeleweka zaidi ni kwamba chumba kilikuwa kimejaa vifusi vya paa lililobomolewa, naye akasimama juu yake. Saga ya majarl, yaani simulizi la kale la watawala wa Orkney, inasimulia jinsi watu wa jarl Harald walivyojikinga humo na dhoruba ya theluji, wakawemo wawili waliopata wazimu.

Katika majuma yanayozunguka tarehe 21 Desemba, jua la machweo huingia moja kwa moja kupitia njia ile ya chini na kugonga ukuta wa nyuma. Anayetaka kuliona ajue kwamba siku hizo mwanga wa mchana haudumu hata kwa muda wa saa saba, na mawingu ni jambo la kawaida. Juni kinyume chake: jua hukaa juu kwa zaidi ya saa 18, hivyo sehemu zisizo na geti unaweza kuzitembelea usiku, muda mrefu baada ya abiria wa meli za watalii kurudi melini. Bandari hutangaza mapema siku za meli hizo. Itazame ratiba hiyo kabla ya kupanga siku ya kwenda Skara Brae, kijiji cha kale nitakachokieleza hapa chini.

Mduara wa Brodgar na mawe ya Stenness viko karibu, havina kiingilio, na kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo mfupi kwa miguu katika ukanda mwembamba wa nchi kavu kati ya maziwa mawili. Brodgar una kipenyo cha mita 104. Inadhaniwa ulikuwa na mawe 60, na 36 yamesalia. Wengi hutazama mawe peke yake na kulisahau handaki linalouzunguka mduara, lililochimbwa kwenye mwamba wenyewe. Kwangu mimi, kazi kubwa kuliko zote hapo ni hilo. Mwamba wa Orkney hugawanyika kwa matabaka bapa. Tabia hiyo ndiyo iliyowapa wajenzi mabamba yaliyo karibu tayari, na ndiyo pia inayoyaua: maji yakiingia kati ya matabaka, baridi ikagandisha, bamba hupasuka. Kwa sababu hiyo majengo ya kale ya jirani, Ness of Brodgar, yaliyochimbwa kwa takriban miaka 20, yalifukiwa tena mwaka 2024. Usiende ukitarajia kuona kuta. Yamerudi chini ya udongo, nami naona huo ni uamuzi wa watu wanaoipenda kazi yao. Si kila jiwe la huko lilipata ulinzi. Jiwe la Odin, lenye tundu ambamo wachumba walishikana mikono kula kiapo, lilivunjwa na mkulima mwaka 1814.

Skara Brae ni kijiji cha wakulima na wavuvi kilichokaliwa kuanzia mwaka 3180 KK hivi hadi 2500 KK. Dhoruba ya mwaka 1850 iliondoa mchanga na nyasi zilizokifunika, na mwanaakiolojia Gordon Childe akaja kukichimba mwaka 1928. Wageni hupita juu na kutazama ndani, hawashuki. Chukua muda wa kuitazama nyumba moja tu vizuri. Jiko la mraba liko katikati. Huku na huku kuna vitanda vya mabamba yaliyosimamishwa kwa ubavu, kile cha kulia kikubwa kuliko cha kushoto. Mbele ya mlango ziko rafu za mawe, ili anayeingia azione kabla ya kitu kingine chochote. Sakafuni mmezamishwa visanduku vya mawe vilivyozibwa kwa udongo wa mfinyanzi visivuje. Nyumba zimezikwa ndani ya jalala la maganda, majivu na mifupa, na jalala hilo ndilo lililozuia upepo na kutunza joto. Ukipita haraka utaona mashimo ya mawe. Ukisimama, utaona mahali ambapo mtu aliweka vyombo vyake.

Zamani bahari ilikuwa mbali na kijiji. Leo iko chini ya ukuta wa zege, na bila ukuta huo nyumba zingekuwa zimeshaondoka.

Kwenye ghuba hiyohiyo ya Skaill ilipatikana, mwaka 1858, hazina ya fedha ya Waviking yenye uzito wa zaidi ya kilo 8: mikufu, bangili, vipande vilivyokatwakatwa kwa ajili ya kupimwa kwenye mizani, na dirhamu za ulimwengu wa Kiislamu, zikiwemo za Baghdad. Hapa msomaji wa Pwani ya Afrika Mashariki ana lake. Karne hizo za Waabbasi, makhalifa waliotawala kutoka Baghdad, vyungu vya Ghuba ya Uajemi vilikuwa vikiteremshwa Shanga, katika visiwa vya Lamu. Soko moja, ncha mbili za dunia. Hazina yenyewe iko Edinburgh, si Orkney, usiitafute hapo ghubani.

Sasa Brough of Birsay, mahali ambapo ratiba yako yote itaamuliwa na maji. Ni kisiwa kidogo kilichounganishwa na nchi kavu kwa njia ya zege inayoonekana maji yakipwa tu. Hesabu yake ni saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa hadi saa mbili baada yake. Aliyekulia pwani hahitaji kufundishwa: wakati wa bamvua njia hukaa wazi muda mrefu, na wakati wa maji mafu hufunguka kwa shida, na muda wake hupungua. Makosa yanayowapata watu ni matatu. La kwanza, kutumia ratiba ya maji ya Kirkwall, mji mkuu wa Orkney, wakati Birsay ina saa zake. La pili, kusahau kwamba ratiba nyingi zimeandikwa kwa saa za Greenwich, na kiangazi Uingereza husogeza saa mbele kwa moja. Usipoongeza hiyo saa utafika mapema mno, njia ikiwa bado imefunikwa, na hatari ni kujaribu kuvuka hivyohivyo. La tatu, kutojali upepo. Mawimbi makubwa ya magharibi hufunika njia hata ratiba ikisema iko wazi. Nenda maji yakiwa bado yanapwa, vaa viatu vyenye soli ya kushika, kwa maana mwani huteleza kama sabuni, na anza kurudi mara maji yanapogeuka.

Huko juu utakuta tabaka mbili wazi. Kuna kisima na jiwe la Wapikti, wenyeji wa kabla ya Waviking, lenye askari watatu waliobeba ngao. Linaloonekana hapo ni nakala. Juu ya kijiji chao zimekaa nyumba ndefu za watu wa Norwei na kanisa la karne ya 12. Jarl Thorfinn alikuwa na makao yake Birsay. Mwili wa jarl Magnus Erlendsson, aliyeuawa kisiwani Egilsay mnamo mwaka 1117 kwa amri ya binamu yake Hakon, ulizikwa kwanza Birsay kabla ya kuhamishiwa Kirkwall, ambako mpwa wake Rognvald alianza kujenga kanisa kuu la mawe mekundu na ya manjano mwaka 1137. Mwaka 1919 mafundi walikuta ndani ya nguzo sanduku lenye mifupa na fuvu lenye jeraha, kama saga inavyosimulia. Mabaki ya kanisa la mviringo la Orphir, linalohusishwa na Hakon huyohuyo na hija yake ya Yerusalemu, ni ya kupitia njiani; nusu saa inatosha.

Kisiwa cha Rousay kinastahili siku nzima. Feri kutoka Tingwall ni ndogo, na gari huingizwa kwa kurudi nyuma, basi fanya mazoezi kabla. Midhowe ina kaburi lenye chumba cha urefu wa mita 23 kilichogawanywa vibanda 12, ambamo ilipatikana mifupa ya watu 25, na hatua chache pembeni uko mnara wa kale wa mawe. Njia ya kuteremka ni mwinuko mkali, na kurudi ndiko kunakochosha. Jirani, Westness, kuna makaburi ya Waviking. Popote unapoegesha, elekeza pua ya gari kwenye upepo. Mlango ukishikwa na upepo kwa nyuma hung'oka bawaba, na bima nyingi za magari ya kukodi hazilipi uharibifu huo.

Kabla ya kuondoka Kirkwall, ingia jumba la makumbusho utafute bamba la mfupa wa nyangumi kutoka kaburi la mashua la Scar, kisiwa cha Sanday. Mwaka 1991 wataalamu walilichimba kaburi hilo haraka kwa sababu bahari ilikuwa inalila. Mbao za mashua zilikuwa zimeoza, imebaki misumari ya chuma mchangani, na ndani yake mwanamume, mwanamke mzee na mtoto. Bamba lina vichwa viwili vya joka vinavyotazamana, na uso wake ni laini mno. Huenda lilikuwa la kunyooshea kitani.

Shetland nina la kusema kidogo zaidi. Catpund, kando ya barabara ya kwenda kusini, utaona mwamba wa jiwe laini ambamo watu walichonga bakuli moja kwa moja, na mashimo ya duara bado yapo yakionyesha kila chombo kilipotolewa. Mnara wa kale wa mawe wa kisiwa cha Mousa ndio mzima kuliko yote ya aina yake, mita 13, kuta mbili zenye ngazi katikati. Saga zinasema wapenzi waliotoroka walijificha humo, wakati mnara ulikuwa umeshapita miaka elfu moja. Beba tochi ya kupandia. Mashua huondoka Sandwick, wakati wa kiangazi tu, na mawimbi yakiwa makubwa haiendi. Kwa hiyo Mousa iwekwe siku ya kwanza, ubaki na siku za akiba, na Jarlshof, yenye mabaki ya makazi ya zaidi ya miaka 4,000 na nyumba ndefu za Waviking pamoja, iachwe siku ya kuondoka, kwa kuwa iko jirani na uwanja wa ndege wa Sumburgh. Toka mapema: barabara ya kufika hapo inakatiza njia ya kurukia ndege, na geti likishuka utasubiri.