Rangi za harusi yangu: kutoka picha za simu hadi kisutu cha bibi

Miezi mitano kabla

Kamati imekaa kikao cha kwanza Jumapili, nyumbani kwa baba mkubwa, Tabata. Ukumbi tumepata, wageni 180, meza 18 za watu kumi kumi. Mwenyekiti akaniangalia: "Bibi harusi, rangi?" Nikakosa jibu. Nimeanza kuandika ili nisisahau ninachoamua na sababu yake, maana kwenye harusi kila anayekuja huja na rangi yake.

Kwenye simu nina picha nyingi mno. Nilipozitandaza zote usiku ule niliona zinafanana: pinki iliyopauka, kijivu, majani mabichi, mwanga wa jua laini kwenye bustani. Ni nzuri kweli. Ila harusi yangu inaanza saa moja usiku, ndani ya kuta nne, chini ya taa za umeme, na watu wake ni shangazi zangu waliojifunga vitenge. Pinki ile ingezama kabla ya chakula kutoka.

Miezi mitano kasoro wiki

Mpambaji amependekeza damu ya mzee na dhahabu. Kwenye daftari lake la sampuli vimependeza, nikaomba aniazime vipande. Nikavichukua pamoja na vingine vyangu sita, nikaenda navyo ukumbini usiku wa harusi ya watu wengine. Mlinzi aliniruhusu nisimame pembeni ya jukwaa nusu saa.

Nimejifunza mengi kwa nusu saa ile. Wakiwasha taa za buluu, damu ya mzee inakuwa nyeusi kabisa. Kitambaa chekundu kinarudisha mwanga mwekundu tu. Ukikimulikia buluu hakina cha kurudisha. Rangi ya maziwa chini ya taa nyeupe kali inaonekana kama kitambaa kilichovaliwa siku tatu. Nyeupe tupu nayo inang'aa mpaka kwenye picha za simu mikunjo yote inapotea. Iliyosimama vizuri kila taa ilipobadilika ni nyeupe yenye joto kidogo, ile iliyo kati ya karatasi na maziwa. Nimeikata kipande, nimekibandika hapa kwenye ukurasa.

Kuanzia leo hakuna rangi inayopita kabla sijaiona usiku.

Miezi minne kabla: Tanga

Nilikwenda kumsalimia bibi na kumpelekea habari. Hakuuliza ukumbi wala keki. Aliinuka, akafungua sanduku, akatoa kanga ya kisutu, doti nzima haijakatwa, ya Mombasa, yenye alama ya Mali ya Abdulla. Nyekundu, nyeusi, nyeupe. "Hii nilivikwa mimi, na mama yako naye akavikwa," akasema. "Wewe utavikwa nini, mjukuu wangu? Au siku hizi hamvikwi?"

Nimeshika vitambaa vingi mwezi huu, lakini hiki nilikaa nacho mapajani hadi adhuhuri. Nilikuwa nimekiona utotoni bila kukitazama. Safari hii nilihesabu. Nyeusi ni kidogo kuliko nilivyodhani: ni mistari na nukta zinazozishikilia rangi nyingine mbili mahali pake. Nyeupe ndiyo inayopumua. Nyekundu ndiyo inayokuita kutoka mbali. Aliyeupanga mchoro huu alijua anachofanya, na akina mama wa Pwani wameukubali kizazi baada ya kizazi.

Nikarudi Dar kwa basi la jioni nikiwa nimeshaamua. Harusi yangu itavaa kisutu. Sitapachika kanga kila ukuta kama duka. Nitafuata mgawanyo wake: nyeupe sehemu sita, nyekundu tatu, nyeusi moja.

Wiki hiyo hiyo

Shangazi amepiga simu. Kasikia nyeusi. "Mwanangu, nyeusi harusini? Nyeusi ni kaniki, ni msiba." Sikubishana naye kwenye simu, shangazi yangu habishiwi, na neno lake lina uzito wa haki, maana ndiye atakayesimama na mimi. Jumamosi nikaenda kwake na ile kanga (bibi alikubali niondoke nayo kwa kiapo). Akaigusa. Akakumbuka kisutu chake mwenyewe. Kisha akasema kitu ambacho sikukiwaza: mbona bwana harusi wa Pwani huvaa joho jeusi lenye taraza ya dhahabu juu ya kanzu nyeupe, na hakuna anayelia msiba? Akaniwekea sharti moja tu: meza ya wazee isiwe na nyeusi hata utepe. Nimelikubali kwa moyo mweupe.

Miezi mitatu na nusu: hesabu na Kariakoo

Nilitaka kanga ziwe vitambaa vya meza. Nikapima. Meza ya duara ina upana wa sentimita 180 na kimo cha 75. Kitambaa cha kufika sakafuni pande zote kinataka sentimita 330. Upande mmoja wa kanga una kama sentimita 150 kwa 110. Haifiki hata nusu. Kwa hiyo chini kitakuwa kitambaa cheupe cha kukodi, na katikati ya kila meza upande mmoja wa kisutu ukilazwa mshazari, pembe zikining'inia. Meza 17, ukitoa ya wazee: doti tisa, unabaki upande mmoja wa akiba. Nafuu kuliko vile vitambaa vya kung'aa alivyonipigia hesabu mpambaji, na baada ya harusi nitawagawia kina mama waliopika.

Kariakoo tulikwenda na mama mdogo asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali. Kanga tumepata duka la pili. Kazi ilikuwa kitambaa chekundu cha sare za wapambe. Muuzaji mmoja alinikatia mita nane kutoka jora moja na nne kutoka jora lingine, akiapa ni rangi ile ile. Ndani ya duka zilifanana. Nilipotoka nazo juani, moja ilielekea chungwa na nyingine zambarau. Tukarudisha, mama mdogo akasimamia maneno, tukapata mita 12 kutoka jora moja duka la jirani. Nyumbani nikalowesha pembe na kuisugua kwa leso nyeupe: haikuchuja. Kanga zilichuja, kama kanga mpya nyingi, kwa hiyo zimelala usiku kucha kwenye maji ya chumvi na nimezifua mara mbili, kila mara peke yake. Zimelainika, na wekundu umetulia.

Miezi mitatu kabla

Upande wa mwenzangu ni Wachaga wa Machame, na nilitaka nao waonekane. Nikafikiria masale. Jani lake refu, kijani kilichokolea, linakaa siku nyingi bila kunyauka, na pembeni ya nyekundu lingewaka. Nilishachora jukwaa lote kwa masale. Nikamuuliza baba yake mdogo kama shambani kwao yapo ya kutosha.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwa upole: "Mama, sale kwetu si pambo. Mtu akikukosea akaja nalo mkononi, unasamehe. Tunalipanda mpakani, tunalipanda kwenye kaburi." Nilimwomba radhi. Nimefuta mchoro wote na sijutii hata mstari mmoja. Upande wao utaonekana kwenye ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, ambayo wataileta wenyewe na kuikata wenyewe, na meza ya ndafu nimewaachia waipambe wanavyoipamba kwao. Kijani cha jukwaa kitakuwa makuti mabichi ya mnazi yaliyosukwa. Kaka zangu wa Tanga wanajua kusuka tangu watoto.

Wiki tisa kabla

Gauni limejaribiwa mara ya kwanza. Satini, ile nyeupe ya kwenye ukurasa wangu, mikono mirefu, bila shanga. Fundi alitaka kuongeza ua jekundu kifuani. Nimemwomba aweke pindo jembamba jekundu ndani ya mkunjo wa sketi, lionekane nikitembea tu. Alinitazama kidogo, akachukua chaki, akaanza kuchora.

Bwana harusi amekubali joho. Kadi zimeandikwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe na ukingo mwekundu, wageni wanaombwa wavae wanachopenda. Kamati ililalamika, ikitaka wageni wote wapangiwe rangi ya kuvaa. Nimekataa. Watu wangu wanatoa michango. Sitawatuma na kununua nguo.

Bado: taa. Mwenye ukumbi amekubali taa za buluu zizimwe wakati wa kuingia, nataka hilo tuliandike kwenye mkataba. Bado viti. Na bado kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia: asumini huchumwa jioni, kwa hiyo lazima atoke mtu Tanga na basi la kwanza alfajiri. Bibi amesema atakuja nacho yeye mwenyewe, na usiku wa hina atanifunga kisutu kwa mkono wake. Nimeshamkatia tiketi.