Miaka Miwili ya Kocha Drew

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii ni Mhubiri 9:10: "Lo lote mkono wako utakalolipata kulifanya, ulifanye kwa nguvu zako."

Charles Drew, Mmarekani mweusi aliyekuja kuwa daktari wa upasuaji, alimaliza Chuo cha Amherst, Marekani, mwaka 1926. Alikuwa nyota wa riadha na wa mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mkononi huku mkiangushana. Lakini moyo wake ulitaka udaktari. Mdogo wake wa kike alikufa kwa maradhi mwaka 1920, na yeye mwenyewe aliwahi kuumia mchezoni akalazwa. Baba alikuwa fundi wa kutandika mazulia. Ada ingetoka wapi? Kijana akaenda Chuo cha Morgan, Baltimore, akawa kocha na mwalimu wa baiolojia na kemia kwa miaka miwili.

Tukae hapo kidogo. Makanisani tumezoea kuwaambia vijana "ngoja majira ya Bwana", na kijana akishalisikia sana anaigeuza kazi aliyonayo kuwa stendi ya basi. Anafundisha kwa kujitolea, macho yako kwenye simu, anasubiri tangazo la ajira. Mhubiri hasemi hivyo. Wala haahidi kwamba ukijituma utapandishwa cheo! Sababu yake ni chungu: huko kuzimu uendako hakuna kazi. Basi. Drew alizikuta timu za kawaida tu, akaziacha zikishindana na vyuo vingine kwelikweli, huku akiweka akiba.

Milango nayo ilisumbua. Chuo Kikuu cha Howard, Washington, walimkataa kwenye udaktari, eti masomo yake ya Kiingereza hayatoshi. Akaenda Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada, akahitimu udaktari mwaka 1933. Mwaka 1940, Uingereza ikipigwa mabomu, alisimamia New York kazi ya kuwakusanyia Waingereza plazima: damu inaachwa itulie, chembe zinazama chini, yale maji ya manjano yanayobaki juu ndiyo yanasafirishwa, kwa kuwa hudumu kuliko damu nzima. Watu zaidi ya 14,000 walijitolea damu. Baadaye jeshi la Marekani likataka damu ya weusi itengwe na ya wazungu. Drew, mweusi mwenyewe, alisema wazi kwamba sayansi haina msingi wowote wa jambo hilo.

Mwaka 1941 alirudi kufundisha upasuaji, na ni pale pale Howard, akawa mkuu wa idara. Mimi hapo namwona kocha wa Morgan tena: anawachukua vijana weusi ambao hospitali nyingi hazikuwataka, anawanoa mpaka wanafaulu mitihani ya ubingwa.

Alifariki 1 Aprili 1950 kwa ajali ya gari huko North Carolina, akiwa safarini na madaktari wenzake kwenda kliniki ya Tuskegee. Mtasikia ikihubiriwa kwamba aliachwa afe kwa kunyimwa damu kwa sababu ya rangi yake. Si kweli. Madaktari wazungu walihangaika kumwokoa, na mwenzake aliyekuwa naye garini alishuhudia hivyo. Ubaguzi wa siku zile ulikuwa mbaya vya kutosha. Hauhitaji kuongezewa chumvi madhabahuni.

Tuombe. Baba, uwakumbuke wanaoshika kazi ambayo si ndoto yao: walimu wa kujitolea, makocha wa mitaani, wauguzi wa mikataba mifupi. Wape nguvu Jumatatu hii, na wanaowalipa uwape moyo wa kuwalipa kwa wakati. Amina.