Siku Moja Maishani Mwangu: Mfasiri na King'ora cha Moto

Mimi ni mfasiri wa kujitegemea, naishi Dar es Salaam, na kwa miaka kumi na moja sasa ada za watoto na kodi ya nyumba zimetokana na kazi ya kuyaleta maandishi ya Kiingereza katika Kiswahili. Majirani wengi huamini kwamba nakaa tu nikinakili kile ambacho kamusi imekwisha kusema, na siku hizi wameongeza kwamba hata simu ya mkononi inaweza kuifanya kazi hiyo. Naandika habari za Jumanne iliyopita kwa sababu karibu siku nzima niliimaliza juu ya kitenzi kimoja cha Kiingereza chenye vijineno viwili vifupi, "go off".

Saa kumi na moja alfajiri simu ililia kuniamsha. Niliswali, nikabandika maziwa ya watoto jikoni, nayo yakakatika kabla hayajachemka vizuri, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika tangu jioni na jokofu lilikuwa limepata joto. Watoto wakanywa chai ya rangi, wakaenda shule. Mwingereza angeyasimulia yote matatu, simu, maziwa na umeme, kwa "go off" ile ile. Mimi nimetumia kulia na kukatika, na hufurahi kila nikikumbuka kwamba Kiswahili nacho, kwa njia yake chenyewe, kimeyaweka maziwa na umeme chini ya kitenzi kimoja.

Umeme ulirudi saa moja asubuhi. Mpaka saa tatu nilikuwa nimemaliza vyeti viwili vya kuzaliwa na barua moja ya benki, kazi ambazo mkono umezizoea.

Saa tatu na robo alinipigia mteja. Ni mzee wa heshima, meneja wa kiwanda ambacho sitakitaja, na wiki iliyotangulia nilikuwa nimempelekea tafsiri ya mwongozo wa usalama wa wafanyakazi wake. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaingia moja kwa moja katika shauri lake: "Mwalimu, kazi yako ina kasoro. Neno moja umelitafsiri kwa namna sita. Wenzetu wa makao makuu wanataka neno moja, tafsiri moja. Kijana wetu hapa ofisini ameshakusahihishia, na mtambo wa kuchapa unasubiri." Nilimwomba anitumie masahihisho hayo kabla hayajafika kwa mpiga chapa.

Niliyafungua, na katika ukurasa wa tatu nikasoma: "King'ora kikizimika, toka nje ya jengo mara moja."

Niliisoma sentensi hiyo mara tatu. Mimi nilikuwa nimeandika "king'ora kikilia". Kijana yule, ambaye simlaumu kwa nia yake, alikuwa ameona kwamba katika sehemu ya umeme "go off" ni kuzimika kwa taa, akalisambaza neno hilo katika kitabu chote. Mfanyakazi atakayeutii mwongozo huo ataendelea kushona magunia huku king'ora kikipiga kelele na moshi ukiingia, akisubiri kinyamaze ndipo akimbie. Mikono ilinitetemeka kidogo. Watu hudhani kosa la tafsiri ni aibu ya mfasiri tu, ilhali liko kosa linaloweza kumkuta mama wa watu akiwa zamu ya usiku.

Nilimpigia mzee simu. Nilimweleza, akanisikiliza, akarudia kwamba neno ni lile lile moja. Nikaeleza tena kwa njia nyingine, naye akaniambia kwamba yeye anajua Kiingereza tangu kabla sijazaliwa, jambo ambalo ni kweli. Simu ikakatika, nikaweka salio, nikapiga tena. Hatimaye nilimwuliza: "Mzee wangu, usiku wa manane king'ora kikigutuka pale kiwandani, mlinzi atakupigia simu akuambie nini?" Akajibu bila kufikiri: "Ataniambia king'ora kinalia." Akanyamaza. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kuliko ile ya mwanzo, kwamba nimwandikie maelezo ya kila mahali neno hilo lilipotumika, ili naye awe na la kuwajibu makao makuu, na kwamba anayahitaji siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo nilikaa na mwongozo wenye "go off" kumi na nne. Sita zilikuwa za king'ora, nazo ni kulia. Tatu zilikuwa za taa, ambazo huzimika. Mbili zilihusu pampu inayojizima yenyewe tangi likijaa, na hapo nilitumia kujizima, kwa sababu ilikuwa lazima msomaji aelewe kwamba hapaswi kuigusa. Moja ilikuwa ya mtungi wa kuzimia moto unaoweza kufyatuka ukiangushwa. Moja ilikuwa ya chakula cha kantini kilichochacha. Ya mwisho ilihusu zoezi la dharura, ambalo mwongozo unataka liende vizuri bila fujo. Hizo ndizo namna sita nilizoshtakiwa nazo. Lau mwongozo ungetaja bomu, ningehitaji kulipuka, na mfanyakazi aliyeondoka kazini bila ruhusa angenidai kitenzi kingine tena.

Samuel Johnson, mtunga kamusi wa Uingereza, aliandika katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755 kwamba vitenzi hivi vinavyofungamana na vijineno ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko vyote katika lugha yake. Nililiweka hilo katika maelezo yangu, nikijua kwamba ushahidi wa Mwingereza mwenyewe ungefika makao makuu kwa uzito ambao wangu haukuwa nao.

Kisha nikaeleza jinsi lugha hizi mbili zinavyotofautiana katika ufundi. Kiingereza hukiacha kitenzi kilivyo na kukifungia kijineno kwa nyuma, na maana ikageuka kabisa. Kiswahili hufanya kazi kama hiyo ndani ya kitenzi chenyewe, katika mkia wake: anayevaa koti baadaye hulivua, anayefunga mlango huufungua, anayetega mtego huutegua, na taa niliyoizima mimi ni tofauti na taa iliyozimika. Tunacho pia "piga", ambacho hupiga simu, pasi, kura, picha na hodi, lakini chenyewe hufuatana na jina linalomwonyesha msomaji njia. "Go off" haina jina la kuifuata, na anayetafsiri hana budi kukitazama kwanza kitu chenyewe, kama ni king'ora au taa au wali wa jana, akajua kimepatwa na nini, ndipo achague kitenzi.

Nilikuwa sijafika nusu ya maelezo umeme ulipokatika tena. Kompyuta yangu betri yake imechoka, haimalizi dakika ishirini, hivyo niliifungasha nikaenda steshenari ya mtaa wa pili, ambako kuna jenereta, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kati ya wanafunzi wanaotoa kopi na mama aliyekuja kuchapa barua ya maombi. Joto, kelele ya jenereta, mgongo. Sikumbuki nilikula saa ngapi, ila nakumbuka mihogo na kwamba ilikuwa imepoa. Kazi ya namna hii hailipwi. Mimi hulipwa kwa idadi ya maneno ya Kiingereza, kwa hiyo "go off" zote kumi na nne zilikuwa zimeniingizia malipo ya maneno ishirini na nane, nayo yalikuwa yamehesabiwa wiki iliyotangulia.

Nilituma maelezo jua likizama. Nikarudi nyumbani, nikasimamia kazi za shule za watoto, nikapika, nikafua sare. Mboni zilikuwa zinawasha, lakini kila simu ilipotikisika niliifuata.

Mzee alijibu baada ya saa tatu usiku. Aliandika kwamba makao makuu wamekubali, kwamba uchapaji umesogezwa hadi Alhamisi, na kwamba king'ora kitalia kama nilivyokiandika. Chini yake alikuwa ameongeza sentensi moja: "Ila hapo kwenye zoezi, mwalimu, mbona umeandika likienda vizuri? Sisi wa zamani tungesema likifana."

Nilikaa nikiitazama. Kufana, kama arusi iliyofana, kama mkutano uliofana, na nilikuwa nimelala na kuamka na sentensi hiyo kwa wiki nzima bila neno hilo kunijia. Niliifungua kompyuta kwa dakika zilizobaki kwenye betri, nikafuta "likienda vizuri", nikaandika "likifana", nikamtumia faili jipya pamoja na shukrani zangu, nikatega simu saa kumi na moja.