Krismasi ya Arobaini

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Mshumaa wangu wa tarehe 2 Februari bado uko juu ya friji. Tangu ubarikiwe sijauwasha. Nitawaambia kwa nini, ila nivumilieni nianzie mbali kidogo.

Siku moja kabla ya Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni nilikaa na sista mmoja Mkolombia aliyepita parokiani kwetu. Nikamuuliza, ili tu mazungumzo yasife, Krismasi kwao ikoje. Akacheka: "Kolombia ipi?" Akaanza kuhesabu kwa vidole. Usiku wa tarehe 7 Desemba, mkesha wa sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, nchi nzima huwasha mishumaa na taa za karatasi vibarazani na kando ya barabara. Kuanzia tarehe 16 hadi 24 jamaa na majirani husali novena, sala ya siku tisa, mbele ya pango la Krismasi, watoto wakipiga manyanga. Baada ya hapo kila upande na mambo yake. Mkoa wa Tolima wana nguruwe mzima aliyejazwa njegere na viungo, anaokwa saa nyingi. Mji wa Pasto, kusini kabisa, shamrashamra hazikomi mpaka tarehe 5 na 6 Januari, siku ya kupakana rangi nyeusi ikifuatwa na siku ya kupakana nyeupe. Nakiri nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja, mpaka alipofika Quinamayó.

Quinamayó ni kijiji cha watu weusi karibu na mji wa Cali, katika bonde la mashamba ya miwa. Ni wajukuu wa watumwa waliotoka huku kwetu Afrika. Wao Krismasi wanasherehekea Februari. Sista akasema zamani, usiku wa tarehe 24 Desemba, babu zao walikuwa na kazi: kupika, kuandaa meza, kuwahudumia mabwana na wageni wao. Sikukuu ilikuwa ya nyumba kubwa. Wao wakaruhusiwa kuchagua siku nyingine, wakachagua katikati ya Februari. Utumwa ulifutwa Kolombia kwa sheria ya mwaka 1851, lakini hawakurudi Desemba. Mpaka leo wanapita nyumba kwa nyumba wakimtafuta Mtoto Yesu, watoto wamevaa kama malaika na askari. Mtoto mwenyewe ni sanamu ya mti, mweusi kama wao, anayekaa mwaka mzima nyumbani kwa mama mmoja wa kijiji. Akishapatikana wanacheza hadi alfajiri. Wanacheza kwa kuburuta miguu, kama mtu aliyefungwa minyororo.

Na wana sababu nyingine, hii ndiyo iliyoniingia. Wanasema mzazi lazima apumzike siku arobaini na kitu. Desemba Bikira Maria yuko ndani, amejifungua juzi. Februari ametoka, anaweza kucheza nao.

Ndugu zangu, nani hapa anahitaji kufafanuliwa hilo? Mama akijifungua tunamkanda maji ya moto, tunampikia mtori, hashiki jembe wala ndoo, mpaka atoke arobaini. Luka anasema hivyo hivyo, sura ya 2: siku za kutakaswa kwao zilipotimia wakampeleka Yerusalemu, na sadaka yao ikawa ya kimaskini, hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Nimesikia somo hilo kila mwaka tangu nikiwa mtoto. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu waliolishika kama kamba, wakajivuta nalo mpaka kwenye Krismasi yao wenyewe.

Sasa turudi nyumbani kwangu.

Tuna dada wa kazi, binti wa Singida. Mwanzoni mwa Desemba aliniomba ruhusa aende kwao Krismasi. Nikamwambia, "Mwanangu, Desemba wageni ni wengi, utaenda Januari." Hakubisha. Usiku wa mkesha tulivaa, tukajaa kwenye gari, tukaenda misa ya saa 3. Yeye akabaki na mtoto mdogo na sufuria ya nyama. Asubuhi nilimwambia angewahi misa ya pili, ila wageni walifika mapema, wakataka chai, na misa ya pili ikapita akiwa anakaanga maandazi. Aliponiangalia nikamjibu kabla hajasema: "Mungu anaelewa."

Kuna zaidi. Mama yake alikuwa ametuma kuku wawili kwa basi, kwenye tenga, wale kuku wa Singida mnaowajua. Mmoja wa kwetu, mmoja wa binti yake. Tulichinja wote wawili. Aliwanyonyoa yeye, akawapika yeye, na nilipoingia jikoni jioni nikamkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakula ukoko wa pilau na kipande cha shingo. Nilimwona. Nikachukua barafu kwenye friji, nikarudi sebuleni.

Sista alipokuwa akisimulia habari za meza za mabwana wa Cali, nilikuwa natikisa kichwa kwa masikitiko. Kichwa kilisimama chenyewe.

Nisemeni mimi kwanza, lakini nanyi hamtoki salama. "Mungu anaelewa" ni neno ambalo hatujiambii sisi wenyewe tukikosa misa ya Krismasi, sisi tungelia. Tunawaambia wao. Malaika aliwaambia wachungaji, watu waliokuwa kazini usiku, habari ya furaha kuu itakayokuwa kwa watu wote. Sisi tumeisikia habari hiyo, tukaifungia sebuleni. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inamtaja mtumwa na mjakazi waziwazi, wapumzike kama wewe. Tunazijua amri kumi kwa kichwa, ila kipande hicho hatukikariri. Fungueni daftari la jumuiya yenu: baba yupo, mama yupo, watoto wapo kwa majina. Dada yuko wapi? Jumamosi tunasali rozari sebuleni, yeye yuko nje anaosha vikombe vyetu, na vikombe vikichelewa tunaita.

Msiniambie mnawalipa vizuri. Sijauliza mshahara.

Nchi hiyo hiyo ya Kolombia ndiko alikoishi Mtakatifu Petro Klaveri, pale Cartagena, bandari ya watumwa. Alikuwa padre wa shirika la Wajesuiti kutoka Hispania, akafa mwaka 1654. Mwaka 1622, akiweka nadhiri za mwisho, alijiandika mtumwa wa Waafrika daima. Meli zilipofika alishuka ndani na matunda na dawa. Na inasimuliwa kwamba alipokwenda kuhubiri mashambani, alikataa kitanda kwenye nyumba ya bwana shamba, akalala kwenye vibanda vya watumwa. Nimefikiri sana kuhusu hicho kitanda alichokataa. Mimi ndoo ile iliyopinduliwa sikuweza hata kuivuta na kukaa karibu yake dakika tano.

Binti aliondoka mwishoni mwa Januari, kama nilivyoahidi. Jumatatu, baada ya misa, nilimwambia mume wangu kwamba binti akirudi tutafanya Krismasi upya, Februari, na yeye atakaa mezani na mimi nitapika. Akaniuliza kama nina homa. Nikasema kwanza nataka nimwandikishe jumuiya. Nikachukua kalamu. Nikaandika jina tunalomwita, nikakwama kwenye safu ya jina la ubatizo.

Nikampigia. Simu akapokea mama yake, akasema binti yuko shambani anapalilia, hawezi kuisikia. Nikazungukazunguka, shikamoo mama, habari za mvua, asante kwa kuku. Mwishoni nikauliza: samahani mama, binti alibatizwa jina gani?

Upande wa pili kukawa kimya. Halafu akacheka, cheko dogo la adabu, akasema, "Si mmekaa naye miaka miwili?"

Akanitajia.