Vile matatu zilikubalika mtaani kwetu Malindi, na mahamri ndiyo yaliyoamua

Siku hizi kila mtu ananiuliza nilifanyaje mpaka matatu zikaingia mtaani kwetu na majirani bado wanasalimiana, na wengine wanauliza kwa ile sauti ya pembeni, kama vile kuna mtu nilimhonga. Sikuhonga mtu mimi. Nilinunua mbao na misumari, basi. Acheni niwaelezee halafu mtasema wenyewe.

Mtaa wenyewe sitautaja, wa Malindi mshaujua. Unafuatana na barabara kuu ya Mombasa lakini uko huku ndani, nyuma ya viwanja, ukitaka gari unakanyaga mchanga mpaka barabarani na masika ikishika unakanyaga maji. Mimi nasafisha vyumba hoteli moja upande wa Casuarina, zamu ya alfajiri, na tuktuk ya alfajiri ikikuona na yunifomu inajua ushachelewa, hapo hapo hamsini inakuwa mia, na ukifika kule anakwambia "mama ongeza kidogo mafuta yamepanda". Kwa mwezi zinazoenda ni nyingi, sitaki hata kuandika hapa mume wangu asije akasoma.

Basi mtaa ulipotiwa kabro, yale matofali ya kutandika barabarani, sacco moja, yaani chama cha wenye matatu, ya gari za Gede ikasema kuna gari zao ziko tayari kupita huku ndani zikielekea mjini badala ya zote kupita kule juu. Mimi nikashangilia. Nusu ya mtaa ikashangilia. Nusu nyingine, wallahi, ungedhani wameambiwa kinajengwa kiwanda cha baruti.

Na niseme ukweli, hawakuwa wajinga. Wazee wetu wanazikumbuka matatu za kabla ya sheria za Michuki, yule waziri wa uchukuzi, zile za 2004 zilizoleta abiria 14, mikanda na ule mstari wa manjano. Kabla ya hapo watu walikuwa wananing'inia mlangoni na gari inapaa. Sasa mzee wa namna hiyo ukimwambia matatu itapita mbele ya madrasa saa watoto wanatoka, yeye anaona ile ya zamani. Watu wa tuktuk nao walikuwa wanapinga kwa sababu ya tumbo lao, hilo halihitaji maelezo. Na wenye nyumba wenye mageti makubwa walikuwa wanasema "usalama", "vumbi", "utulivu", kila siku neno jipya. Wapangaji wote tulikuwa upande mmoja, maana sisi ndio tunaotembea.

Ushauri wa kwanza niliopewa, na kila mtu alikuwa na uhakika nao, ni "andikeni barua, pigeni sahihi, mpelekeeni mheshimiwa". Aliyenishauri hajawahi kuandika barua maishani mwake ila ya kuomba kazi, na hiyo kazi hakupata. Haya, tukachapa karatasi pale saiba, nikawa nazunguka nyumba kwa nyumba baada ya magharibi. Watu wa Malindi wana ukarimu bwana! Kila nyumba chai, kila nyumba sahihi, nikaanza kujiona mgombea. Kumbe mzee mmoja jirani tunayemwita Ami, wa geti la kijani, naye anazunguka na karatasi yake ya kupinga, yeye anatoka baada ya isha, nyumba zile zile, na anapewa chai ile ile iliyobaki kwenye birika. Siku karatasi zote mbili zilipowekwa mbele ya mzee wa mtaa, akavaa miwani, akasoma yangu, akasoma ya Ami, akarudi kwenye yangu, akavua miwani. Majina ni yale yale. Kuna bibi mmoja alikuwa ametia sahihi kwangu kwa kalamu ya kijani, na kwa Ami pia kwa kalamu ya kijani, na hiyo kalamu ni yangu, ilibaki kwake. Nilipomwendea akanambia, "Mwanangu, wewe ulikuja na adabu, na yule alikuja na adabu, sasa nimnyime nani?" Na kulikuwa na sahihi ya kijana ambaye yuko Qatar mwaka wa pili huu. Kwenye karatasi zote mbili!

Barua ilienda hivyo hivyo. Ofisi ya kwanza wakasema njia ya matatu ni mambo ya leseni, ya pili wakasema steji ni mambo ya kaunti, na kusema kweli wote walikuwa sawa, ndiyo maana unaweza kuzunguka mpaka viatu viishe. Katiba ya 2010, ile Jedwali la Nne, imewapa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani, lakini gari yenyewe ipite wapi inaandikwa kwenye leseni ya NTSA, ile mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani. Kwa hivyo usiende na swali moja kubwa la "tunataka matatu". Uliza steji upande mmoja, njia upande mwingine, utafukuzwa kidogo zaidi. Makaratasi ya njia sacco walishughulikia wenyewe, siwezi kuwachosha na hayo.

Mkutano ukaitwa uwanja wa madrasa, Jumapili baada ya alasiri. Hapo ndipo Ami alipokuja na kamba. Kamba kabisa, ya kufungia mbuzi, ameipiga mafundo. Akasimama mbele ya watu, akasema ameupima mtaa kutoka ukuta mpaka ukuta, na kwa mafundo yale matatu na gari nyingine haziwezi kupishana, kwa hivyo mjadala umeisha, tusome fatiha twende nyumbani. Watu wakanyamaza. Mtu akija na kipimo, hata kiwe cha kamba ya mbuzi, watu wanaogopa.

Mimi nikanyanyua mkono kwa heshima zote. Nikamwambia, "Ami, shikamoo. Lile lori la kunyonya choo, juzi, lilifikaje kwako?"

Uwanja mzima ulilipuka. Kuna mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka. Maana kila mtu anakijua kile kidude, kinavyoingia mtaani na lile tangi lake pana kuliko matatu yoyote, kinasimama kwa Ami nusu saa na bomba limelala barabarani na tuktuk zinapita pembeni bila shida. Ami alishika kamba yake akaitazama kama imemsaliti. Lakini mwacheni mzee, ana akili, akajikusanya akasema, "Lile linakuja siku moja likaenda. Na halipigi muziki."

Hapo alinipiga bao, nakubali. Tena ndiyo nikaelewa. Hawa hawaogopi gari. Wanaogopa honi saa kumi na moja asubuhi, makanga anayepiga bati kwa kiganja, na watu kusimama getini kwao wakitema mbegu za machungwa. Wakati huo vijana wa ufuoni, wale wanaozungusha wageni Waitaliano, walikuwa nyuma wanapiga kelele "piano piano", yaani polepole kwa Kiitaliano, na mkutano ukaishia kwenye fujo, lakini mimi nilikuwa nshapata nilichotaka. Tukakubaliana zipite kwa majaribio mpaka mwezi uandame.

Majaribio yakaanza, na shida ikaanza pale pale nilipotarajia. Geti la kijani. Kila asubuhi, abiria wote kwa Ami. Wamejibanza ukutani kwake, wengine wamekaa kwenye ngazi yake, na matatu ikija inavuka barabara inaenda kusimama mbele ya geti. Ami akitaka kutoa gari yake anapiga honi, makanga naye anampigia bati. Watu wakanishauri tena (washauri hawaishi): wekeni kibao cha "steji ni pale". Tukaweka kibao. Watu wakakisoma, wakaendelea kusimama kwa Ami. Mwingine akaanza kutundika mkoba wake kwenye kibao na kwenda kukaa kwa Ami.

Nikakaa barazani kwangu siku ya mapumziko na kikombe changu, nikatazama tu. Na nikaona, hii ni kivuli! Mtaa wetu umelala kusini kwenda kaskazini, na ukuta wa Ami uko upande wa mashariki na ndio mrefu kuliko zote, kwa hivyo asubuhi kivuli chote cha barabara ni chake. Huku kwengine jua la Malindi saa mbili asubuhi ushaanza kutoa jasho la mgongo. Nani atasimama juani kwa ajili ya kibao? Na angalia balaa lake, gari zinazokwenda mjini zinashika kushoto, yaani magharibi, na mlango wa matatu uko kushoto. Dereva akivuka kufuata watu kwenye kivuli cha Ami, mlango unafungukia katikati ya barabara, watoto wa madrasa wanazunguka mbele ya bonati. Kilichonitia hofu kilikuwa hicho, wala si mwendo, maana matuta yako na kabro ile hairuhusu kukimbia.

Upande wa magharibi hatua chache mbele kuna kiwanja cha wakfu, hakijajengwa, na pembeni ya barabara kuna mkilifi mkubwa, ule wengine wanauita mwarobaini. Asubuhi kivuli chake chote kinaangukia ndani ya kiwanja. Nikaenda kwa kamati ya msikiti, wakasema sawa, alimradi hapajengwi kitu cha kudumu na Ijumaa pawe safi. Nikanunua mbao za mashua kuukuu kule ufuoni kwa mafundi, zile ngumu zilizokula chumvi, haziliwi na mchwa, fundi akapiga benchi refu. Yote elfu mbili na kitu, labda tatu na soda ya fundi.

Mnadhani watu walihama? Hawakuhama. Wawili watatu, mbuzi mmoja.

Sasa hapa ndipo ninapojipiga kifua. Kwa Ami pembeni, usawa wa ukuta wake, palikuwa na meza ya mama anayeuza mahamri na mbaazi. Mahamri ya yule mama yana iliki mpaka unaisikia kabla hujafika, na mbaazi zake ni za nazi nzito, hakopeshi na bado wanapanga foleni. Nikajiuliza, hawa watu wanafuata kivuli au wanafuata mahamri? Nikamwendea. Nikamwomba ahamie mkilifini.

Akakataa. Akasema, "Mwanangu, mimi nipo hapa tangu wewe unanyonya." Kesho yake nikarudi nikanunua mahamri, sikusema kitu. Siku nyingine nikarudi tena. Nikamwambia "Bi mkubwa, wewe ukihama kanjo, yule askari wa kaunti, akija nitaongea naye mimi." Akatazama pembeni. Nikajua hapo ndipo panapouma. Mwisho akatoa masharti: benchi la pili la kukaa wateja wake peke yake, mtu wa kumbebea jiko asubuhi, na yule kijana wa tuktuk anayedaiwa naye sukari alipe kwanza. Benchi nikapiga, jiko anabeba mwanangu mkubwa kwa malipo ya mahamri mawili, na tuktuk ililipa baada ya kuaibishwa mbele za watu.

Asubuhi alipohama, watu walifika kwa Ami kama kawaida, wakanusa, wakageuza vichwa. Nilikuwa barazani. Walivuka barabara mmoja mmoja kama kuku waliosikia mtama. Matatu ikaja, makanga akatazama ukuta mtupu, akatazama mkilifi, "twende kule", ikasimama kushoto, mlango ukafungukia kiwanjani. Hakuna kibao, hakuna askari. Kile kibao tulikitoa baadaye tukamtengenezea bibi wa mahamri meza ya kuwekea sufuria.

Ya honi tulimalizana na sacco moja kwa moja. Hili nawaambia msipoteze muda kugombana na dereva, dereva wa leo kesho yuko njia ya Mambrui. Tangu kanuni za 2014 gari haipati leseni peke yake, lazima iwe chini ya sacco au kampuni, kwa hivyo andika namba ya gari na saa, mpelekee mwenyekiti, na umpigie mbele ya majirani wakusikie. Tulikubaliana hakuna honi wala muziki wa kutikisa vioo mtaani, hakuna kugeuza wala kurudi nyuma, wanaingilia juu wanatokea chini, na watoto wakitoka madrasa gari inasubiri mpaka maalim ainue mkono. Maalim anaipenda hiyo kazi kupita kiasi, wakati mwengine anainua mkono hakuna mtoto.

Tuktuk je? Wamebaki na usiku, na mizigo ya sokoni, na wagonjwa. Walininunia kweli kweli, mmoja alikuwa akinipita huku natoa mkono. Halafu wakagundua wale wanaoshuka matatu na magunia hawataki kubeba mpaka ndani, wakahamia wenyewe kwenye kona ya mkilifi. Bei ya alfajiri bado wanajaribu kunipandishia ila sasa naangalia saa tu, naenda kukaa kwenye benchi langu.

Ami ndiyo kiboko. Juzi amekuja kwangu na halua, tumekaa, ametoa habari za watoto, za mvua, za bei ya samaki. Kisha akasema anataka kukigeuza kile chumba chake cha mbele kiwe duka, soda na kadi za simu, na je, haiwezekani steji ikarudi kidogo upande wake, hata kama ni jioni tu? Nikamwambia mimi sina neno Ami, aongee na bibi wa mahamri. Ameenda. Bibi amemwambia atafikiria, na amemtajia bei.