Siku moja maishani mwangu: natuma megahezi 2, nasikiliza 4

Saa 2 asubuhi. Niko maabara, kazi yangu ni kupima sauti inavyobadilika ikipita kwenye maji na metali, na hata koti sijavua naangalia tenki la maji kwanza. Maji niliyachemsha jana nikayafunika yapoe, maana hewa ikibaki ndani hamna kipimo hapo, kapovu kadogo tu kasikoonekana kwa macho kanaweza kupindisha wimbi kuliko maji yenyewe. Afu joto. Leo nyuzi 20, hapo sauti inakimbia mita kama 1,482 kwa sekunde, naandika kwenye daftari kabla ya kugusa kitu kingine.

Saa 3. Sasa kazi yenyewe. Natuma wimbi fupi la sauti la megahezi 2, yaani mitetemo milioni mbili kwa sekunde, upande huu wa tenki, upande ule nasikiliza megahezi 4. Watu wananiuliza hiyo 4 imetoka wapi na wewe umetuma 2? Imetengenezwa na maji njiani! Wimbi likiwa na nguvu, pale maji yalipobanwa linakimbia kidogo zaidi kuliko pale yalipolegea, kwahiyo kilele kinaendelea kulisogelea bonde la mbele yake, umbo linazidi kuinama na ukilisukuma sana linakuwa kama meno ya msumeno. Kuinama huko ndo kunazaa masafa mapya, mara mbili ya yale ya mwanzo, mara tatu na kuendelea, ndo yanaitwa harmoniki, na ile ya mara mbili ndo harmoniki ya pili. Kuna namba inayopima tabia hiyo, inaitwa B kwa A, maji yako kwenye 5 hivi, ethanoli inapita 10, na ukiviweka kwenye glasi huwezi kuvitofautisha kwa macho. Mi hiyo kitu bado inanifurahisha kila siku.

Saa 5. Hapa ndo pagumu na ndo pananichukulia muda mwingi kuliko kote. Amplifaya, mashine inayokuza umeme wa kutuma wimbi, nayo inatengeneza megahezi 4 zake yenyewe, za umeme, sasa utajuaje unachokiona kwenye osiloskopu, ile skrini inayochora wimbi, ni maji yanaongea au ni mashine? Naweka filta kati ya amplifaya na transdyusa (kifaa kinachogeuza umeme kuwa sauti) iue kila kitu juu ya 2, afu nasogeza kipokeo mbali kidogo kidogo. Harmoniki ya maji inakua na umbali, karibu na chanzo inakuwa karibu sifuri. Ya umeme ipo toka mwanzo. Kipimo ambacho hakijapita hapo mi sikiamini, hata kiwe na grafu nzuri vipi.

Saa 7 nakula, haraka.

Saa 8. Alumini. Nna vipande viwili, kimoja kipya, kingine kimevutwa na kuachiwa maelfu ya mara kwenye mashine. Hakina ufa. Ultrasaundi ya kawaida ukipima spidi utakuta havitofautiani sana, lakini ndani mpangilio wa atomu ushaanza kuvurugika na harmoniki ya pili inaliona hilo mapema. Watafiti Breazeale na Thompson walishaipima harmoniki hii kwenye alumini toka 1963, na kwa mtu anayejali bawa la ndege au bomba la mvuke, kujua metali imechoka kabla haijapasuka ni jambo kubwa mno.

Saa 10. Grafu. Ukiongeza ukubwa wa wimbi la kwanza, lile ninalotuma, mara mbili, la pili, yaani harmoniki, linatakiwa kupanda mara nne, kwahiyo nachora la pili dhidi ya mraba wa la kwanza na nataka mstari ulionyooka. Umenyooka vizuri, isipokuwa pointi za juu kabisa zimeanza kulala, hizo nitazirudia kwa volti ndogo.

Saa 12 jioni. Slopu, yaani mwinuko wa ule mstari, ya kipande kilichochoka iko juu kuliko ya kipya. Ila jeli ya kubandikia transdyusa ikiwa nene upande mmoja inaweza kuleta tofauti kama hiyo hiyo, basi nabandua zote, nafuta, napaka upya, nabana kwa nguvu ile ile na kupima tena. Bado iko juu. Kesho nabadilisha kipokeo.