Mjomba aliniuliza trela linazibwa na nini

Nikiwaambia watu wa nyumbani najenga matrela wanafikiria yale marefu ya kubeba makontena kutoka bandarini, siyo hayo jamani. Haya ni vinyumba vya kuvutwa na gari, ndani kuna kitanda, jiko, choo, friji, sinki, mengine yana mpaka ukuta mmoja unaosukumwa nje kwa mota ili sebule iwe kubwa mkishapaki. Wamarekani wanalifunga nyuma ya pikapu ijumaa jioni wanaenda nalo ziwani au porini, jumapili wanarudi. Na mengi yanayouzwa nchi hii yanatengenezwa hapa hapa nnapoishi, kaunti ya Elkhart, jimbo la Indiana, yaani ukitoka asubuhi unakutana nayo barabarani mapya kabisa yanapelekwa kwa wauzaji, na kuna viwanja vizima yamepangwa meupe mpaka mwisho wa macho.

Mimi ni mtoto wa Nungwi, kaskazini Unguja. Mjomba wangu ni fundi wa vyombo vya baharini, na kabla sijajua kusoma vizuri nlishajua kushika tezo na kukaa pembeni ya mkuku kumpokezea misumari. Kwa hiyo nlipopata kazi kiwandani mwaka 2019 nlimpigia kwa furaha kabisa, shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, nkamwambia nimerudi kwenye ufundi, najenga nyumba za kutembea. Akauliza swali moja tu. "Maungio mnayaziba na nini?"

Nkamwambia kuna gundi inatoka kwenye mrija. Akanyamaza kidogo, akasema haya, Mungu akusaidie.

Swali lile sikulielewa mpaka nlipowekwa kufanya kazi juu ya paa.

Niwaelezee kwanza trela linavyojengwa maana wengi hawajui. Chini kuna chasi ya chuma, mara nyingi inatoka kiwanda kingine imeshachomelewa. Juu yake inawekwa sakafu, halafu kuta. Kuta za aina ya bei nafuu ni fremu ya vijiti vya mbao laini, vyembamba kama vya kutengenezea banda la kuku, katikati sponji la kuzuia baridi, nje bati la alumini lenye mikunjo. Aina ya pili ukuta ni kama sandwichi, faibaglasi nje, nyuma yake plaiwudi ya milimita 3 hivi, kisha povu gumu na fremu ya alumini, vyote vimebanwa kwa gundi mpaka vikawa kitu kimoja. Paa ni plaiwudi iliyofunikwa na raba nyeupe iliyogandishwa. Makabati yanapigwa stepla kwa bunduki ya upepo. Yote haya yako kwenye laini, trela linasukumwa kutoka kituo hadi kituo na kila kituo kina watu wake.

Kwa macho ya haraka utasema mbona sawa tu, na materiali yenyewe siyo mabaya kiasi hicho, trela lazima liwe jepesi la sivyo gari gani italivuta? Tatizo ni kwamba kila kitu unachoweka unatoboa tundu. Dirisha ni tundu, tundu la hewa darini ni tundu, antena, bomba la choo, taa, na pembeni zote nne ukuta unapokutana na paa kuna ukanda wa alumini umepigwa skrubu kila baada ya inchi chache. Kila skrubu ni tundu! Chini ya ule ukanda inatakiwa ilazwe ile gundi nyeusi au ya kijivu inayokuja kama utepe, laini kama ubani wa kutafuna, inalazwa yote bila kuruka mahali, ndo skrubu zipite ndani yake. Ukiruka sentimita mbili tu hakuna atakayeona, mteja hataona, muuzaji hataona, unaona wewe peke yako na maji.

Na hapo ndo nlipomkumbuka mjomba. Nungwi mbao za chombo zikishapangwa kuna kazi ya kalafati. Pamba inasokotwa kama kamba nyembamba, inalowekwa mafuta ya nazi, halafu inashindiliwa kwenye mwanya kwa patasi butu, kidogo kidogo, mwanya mmoja baada ya mwingine chombo kizima kuanzia chini mpaka juu. Nlipokuwa mdogo nlikuwa nkiona ndo kazi ya kuchosha kuliko zote. Mjomba alikuwa anapitisha kidole nyuma yangu, akikuta mahali pamba imelegea anaing'oa yote hata kama ni hatua mbili nzima, anasema anza upya, hawa watu wana watoto. Hakuwahi kupiga kelele. Anang'oa tu halafu anakaa kukusubiri.

Kiwandani hakuna wa kukusubiri. Kwetu tunaanza saa 11 alfajiri na hatulipwi kwa saa, tunalipwa kwa idadi ya matrela, ukishamaliza ya siku unaenda nyumbani, siku nyingine saa 6 mchana mshatoka. Pesa ni nzuri, sitaki kudanganya, ndo imenijengea nyumba ya mama na kusomesha wadogo zangu wawili, na mtu asiye na digrii huku hapati pesa kama hii kirahisi. Lakini maana yake kila dakika unayotumia kurudia kitu unawakata watu wote wa laini, kwa hiyo hata asipokwambia mtu wewe mwenyewe unakimbia. Nimeona vijana wanapiga skrubu huku wanatembea, yaani hawasimami, mkono unafanya kazi miguu iko kituo kingine.

Mwaka 2021 ndo ilikuwa balaa. Watu walishakaa ndani kwa korona wakachoka, kila mtu anataka trela, viwanda vya Marekani na Kanada vilipeleka sokoni RV (matrela haya pamoja na magari yenye nyumba ndani) 600,240 mwaka ule mmoja, haijawahi kutokea. Miaka miwili baadaye zikashuka mpaka 313,174. Hii ndo tabia ya biashara hii, wazee wa hapa wanakumbuka 2009 ambapo ukosefu wa kazi kaunti hii ulikaribia asilimia 20 mpaka Obama akaja Elkhart Februari, hata mwezi mmoja wa urais wake haujaisha. Kwa hiyo kazi ikija kila mtu anakimbilia kuvuna kabla haijaondoka, kiwanda na mfanyakazi wote, na watu wapya wanaingizwa kwenye laini leo, kesho wanafunga mabomba ya gesi.

Ntawaambia kitu ambacho kinaniuma mpaka leo. Januari ile ile ya 2021, baridi kali, mlango mkubwa uko wazi matrela yanatoka, na ile gundi ya paa ikipata baridi inakuwa ngumu inatoka vipande vipande badala ya kutambaa yenyewe ikazunguka. Nko juu nafunga tundu la hewa la bafuni, skrubu mbili zikazunguka tu, hazikushika mbao. Nkamwambia msimamizi kuna tatizo hapa, akasema paka gundi nyingi juu, watu wa ukaguzi watashughulikia. Nkapaka. Ikaonekana nzuri kabisa, nyeupe, nono. Trela likasukumwa. Sijui liko wapi sasa hivi na nani analala ndani yake, ila zile skrubu mbili nazikumbuka zaidi ya kazi nzuri zote nlizofanya mwaka ule.

Ukaguzi upo kweli, na mwingine ni mzuri. Kuna kipimo kimoja mi nakipenda sana, wanaweka feni kubwa kwenye tundu la dari inajaza upepo ndani ya trela, halafu nje wanapaka maji ya sabuni kwenye maungio, panapovuja panatoa povu. Ni kama fundi baiskeli anavyozamisha tyubu kwenye beseni. Lakini kipimo kinakwambia hali ya leo, trela likiwa limesimama kwenye sakafu ya saruji, halijapita barabarani. Likishapita kwenye mashimo maili elfu mbili kila kiungo kinacheza, ni kama tetemeko la ardhi dogo kila siku ya safari, na pale palipolazwa gundi nusu ndo panapofunguka.

Halafu kuna kile kibandiko karibu na mlango, cha chama cha watengenezaji. Watu wanakiona wanafikiri ni cheti cha ubora. Kile kinahusu usalama, gesi, umeme, mabomba, milango ya kutokea moto ukitokea, na ni jambo la maana sana. Ila hakisemi chochote kuhusu kabati kusimama wima wala ukanda wa pembeni kulala vizuri.

Nataka kuwatetea watu nnaofanya nao kazi maana mitandaoni wanatukanwa sana. Wengi ni Waamish, dhehebu la Wakristo wanaoishi kizamani, hawaendeshi magari, asubuhi wanaletwa na vani au wanakuja na baiskeli, wakiongea wao kwa wao wanaongea Kijerumani chao cha zamani. Mzee mmoja tulikuwa naye kituo cha makabati alinikaribisha kwake Middlebury, akanionyesha dresa aliyomtengenezea binti yake, mbao ya mti wa jozi, droo zimeunganishwa kwa meno yanayoingiliana, hakuna msumari, nlivuta droo moja nyingine ikasogea yenyewe kwa ajili ya upepo jinsi zilivyobana. Nlishika ile kona na kidole kama mjomba anavyofanya, hakuna hata pa kuingiza ukucha. Akaniambia imemchukua majira yote ya baridi. Mzee huyo huyo kiwandani alikuwa na dakika chache tu kwa seti nzima ya makabati ya jiko. Sasa utasema hajui kazi?

Na siyo kwamba haiwezekani. Nlikwenda na familia kutembelea kiwanda cha Airstream kule Jackson Center, Ohio, wanaruhusu wageni kuangalia. Yale ya alumini yanayong'aa kama risasi, aliyeyaanzisha Wally Byam miaka ya 1930. Watu wawili wanapiga ribiti moja, mmoja nje na bunduki, mwingine ndani ameshikilia chuma, wanasikilizana kwa mlio, na ribiti ziko maelfu. Likiisha linamwagiwa maji kwenye chumba cha mvua. Bei yake sasa ndo wengi wetu hatuiwezi. Kuna na yale madogo ya faibaglasi kama Scamp ya Minnesota, vipande viwili vikubwa, cha chini na cha juu, vinaunganishwa katikati kama yai, hayana zile pembe nne za kuvuja. Mjomba nlimtumia picha akasema hiyo sasa ni boti!

Mwaka jana rafiki yangu, Mkongo wa Uvira anayeishi South Bend, alinunua trela la 2021 kwa mtu, bei nzuri, familia ikafurahi, wakaenda nalo ufukweni Ziwa Michigan mara mbili. Mara ya tatu akanipigia. "Ndugu, hii mayi inatoka wapi? Mvua ilishaisha tangu juzi." Nlipofika nkaweka kiganja ukutani kona ya mbele chini ya kitanda, ukuta ukabonyea kama mkate. Hakuwa na waranti, ya kiwanda huwa ni mwaka mmoja na haimfuati mnunuzi wa pili mara nyingi. Kwa hiyo mnaotaka kununua nawaomba sana, kabla hujaangalia tivii na makochi panda ngazi uangalie paa, bonyeza kuta chini ya madirisha na kwenye kona zote, nusa ndani ya makabati, na ukishanunua kagua maungio kila miezi mitatu. Kipima unyevu kinauzwa dola chache tu.

Tukalifungua jumamosi, saa 4 asubuhi huku, kwa mjomba saa 11 jioni, nkampigia video simu ikawa imeegeshwa kwenye ndoo. Nkatoa ule ukanda wa alumini. Skrubu kumi na tatu, tisa zimeota kutu mpaka shingo zimekatika. Chini yake utepe wa gundi ulilazwa vizuri kabisa mpaka karibu na kona, halafu ukaisha kama upana wa vidole vinne, ukaanza tena upande wa pili. Vidole vinne tu. Mbao ya nyuma yake nlichimba na kijiko, ilikuwa nyeusi inatoka kama majani ya chai yaliyotumika. Mjomba akasema sogeza simu karibu, akaangalia muda mrefu, akasema, "Huyo alikuwa na haraka, maskini."

Tulikata mpaka tukakuta mbao kavu, tukaacha feni siku mbili, tukaweka mpya, nkalaza gundi kona nzima kipande kimoja bila kuunga, nkarudisha ukanda, skrubu mpya za chuma kisichoota kutu. Jumanne jioni tukapiga simu tena japo kwao ilikuwa saa 7 usiku, mwenyewe alisema lazima aamshwe. Rafiki yangu akashika mpira wa maji nje, mi nko ndani nimelala chini na tochi, dakika ishirini, pakavu. Nkatoka nkamwambia mjomba haliingizi hata tone.

Akasema, "Kona hiyo nimeiona. Zunguka kwenye zile tatu nyingine."